Ukurasa wa 84: shamba lililofika Mahakama ya Rufani mara mbili

Majina ya wahusika, wilaya, namba za mashauri na ukubwa wa shamba vimeondolewa. Mfuatano wa mambo haukuguswa, kwa sababu funzo lote la kisa hiki limo kwenye mfuatano. Nakiandika kwa ajili ya mawakili wachanga, wasaidizi wa kisheria, na yeyote anayeendesha rufani yake mwenyewe huku akiamini kwamba huko juu ndiko atakakosikilizwa kwa mara ya kwanza.

## Usuli

Mwalimu mstaafu, ambaye hapa nitamwita Mwalimu tu, alinunua shamba kwa jirani yake mwaka 2006. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi mbili za daftari na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wanne. Kuhusu mipaka hati ilisema mstari mmoja: shamba linaanzia korongoni "hadi kwenye mikonge". Miaka minne baadaye muuzaji akafariki. Msimu uliofuata wanawe wawili wakalima sehemu ya juu ya shamba lile, wakisema baba yao aliuza sehemu ya bondeni peke yake.

Mwaka 2012 Mwalimu alifungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza hilo si la mwenyekiti peke yake. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, kifungu cha 23, inataka mwenyekiti akae na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na wazee hao watoe maoni yao kabla mwenyekiti hajafikia uamuzi. Kanuni za mwaka 2003 zinaongeza kwamba maoni yawe ya maandishi, na mzee anaweza kuyatoa kwa Kiswahili. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, lakini akitofautiana nayo lazima aseme kwa nini.

Mwaka 2014 Baraza lilimpa Mwalimu ushindi. Ndugu wale wawili wakakata rufani Mahakama Kuu, na mwaka 2016 jaji akaugeuza uamuzi. Aliona hati haionyeshi mpaka kwa uhakika, na mashahidi wa Mwalimu hawakukubaliana mikonge iko wapi. Shamba la juu likarudi kwa watoto wa muuzaji.

Ofisi yetu ililipokea shauri hili mwaka 2019, likiwa limeshafika Mahakama ya Rufani mara moja na kuondolewa bila kusikilizwa. Mwalimu alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, akakaa, akaturuhusu tumwamkie, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Wanangu, hao majaji watatu wanakaa kusikiliza nini, kama mimi mwenye shamba hawataki kunisikia?"

## Jibu la swali la Mwalimu

Tulimjibu kwa kirefu, na nadhani kila mwananchi mwenye shauri anastahili jibu lile kabla hajalipa hata shilingi ya kwanza ya ada.

Zamani rufani za mwisho za Tanzania zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliitumia pamoja na Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ile ikaondoka nayo. Mwaka 1979 ndipo tulipopata ya kwetu, pamoja na Sheria ya Mamlaka ya Rufani inayoiongoza mpaka leo. Katiba inaitaja katika ibara ya 117. Ni mahakama ya Muungano: inapokea rufani kutoka Mahakama Kuu ya Tanzania na pia Mahakama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa mambo ambayo Katiba ya Zanzibar imeyamalizia huko huko, kama yale yaliyoanzia Mahakama za Kadhi na yale ya tafsiri ya Katiba hiyo. Mgogoro kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi nao si wake. Huo una Mahakama Maalum ya Katiba.

Anayeiongoza ni Jaji Mkuu. Katiba inasema awe na Majaji wa Rufani wengine wasiopungua wanne, lakini hicho ni kiwango cha chini tu, na idadi halisi imekuwa kubwa zaidi kadiri mashauri yalivyoongezeka. Rais humteua Jaji Mkuu, na huwateua Majaji wa Rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Umri wao wa kustaafu ni miaka 65, mitano zaidi ya jaji wa Mahakama Kuu.

Lililomhusu Mwalimu zaidi ni idadi ya wanaoketi. Rufani haisikilizwi na majaji wachache kuliko watatu, na uamuzi hufuata kauli ya walio wengi. Jaji mmoja anaweza kushughulikia maombi madogo, kwa mfano ya kuongezewa muda, lakini hawezi kuamua rufani yenyewe, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kuomba upitiwe na watatu. Likija jambo zito sana, idadi huongezwa: rufani ya mgombea binafsi iliyotolewa uamuzi mwaka 2010, kati ya Mwanasheria Mkuu na Mchungaji Christopher Mtikila, iliketiwa na majaji saba.

Majaji hao watatu hawaiti mashahidi waanze upya. Wana kitabu mbele yao, kumbukumbu za rufani, na ndani yake mna kila kilichoandikwa tangu siku ya kwanza Barazani: hati ya madai, mwenendo (maandishi ya yote yaliyosemwa na kufanyika shauri likisikilizwa), vielelezo, hukumu mbili, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Wanasoma. Kama neno lilisemwa Barazani lakini mwenyekiti hakuliandika, kwao halikusemwa. Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nimo humo kwenye karatasi." Ndiyo, mzee wangu. Umo humo.

## Safari ya kwanza: barua isiyofika

Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu, wakili wa wakati ule alifanya haraka. Siku ya 12 aliwasilisha notisi ya rufani, yaani taarifa kwamba mteja wake anakusudia kukata rufani, na Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinampa mtu siku 30. Siku ya 15 aliandika barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo. Kibali cha kukata rufani, ambacho sheria ilikidai wakati huo, kilipatikana.

Nakala zilikuwa tayari baada ya miezi tisa. Kwa kawaida rufani inatakiwa isajiliwe ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe, na nani atapata mwenendo uliochapwa ndani ya siku 60? Ndiyo maana kanuni ya 90 inaruhusu siku zilizotumika kuandaa nakala zisihesabiwe, na Msajili hutoa cheti cha ucheleweshaji kinachosema ni siku zipi hizo. Wakili alikipata cheti, akasajili rufani mwezi uliofuata, akaamini yuko salama.

Siku tuliyoupekua ule mfuko wa plastiki niliiona barua yenyewe. Karatasi moja, muhuri wa masijala umegongwa vizuri juu kulia, tarehe inasomeka. Chini kushoto pamechapwa neno "Nakala" na majina ya ndugu wale wawili. Hakuna saini yao. Hakuna tarehe waliyopokea. Nilitafuta kitabu cha kupelekea barua, sikukiona. Nikatafuta kiapo cha tarishi, hakipo. Nakala ilichapwa jina lakini haikupelekwa kwa mtu.

Kanuni ya 90 ina sharti la pili ambalo watu hulipita mbio: anayetaka kunufaika na siku zile lazima barua yake iwe ya maandishi, iwe imeandikwa ndani ya siku 30, na nakala yake awe amempelekea mjibu rufani. Bila hiyo cheti hakina mguu wa kusimamia, na hesabu inarudi kwenye siku 60. Rufani ya Mwalimu ilisajiliwa miezi kumi na kitu baada ya notisi. Mwaka 2019 wakili wa upande wa pili aliweka pingamizi la awali, na jopo halikuwa na namna.

Mawakili wa Mwalimu walijaribu kujishika kwenye lengo kuu, ile kanuni iliyoingizwa kwenye Sheria ya Mamlaka ya Rufani mwaka 2018 inayoitaka Mahakama iamue mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu, isibanwe na mambo ya kiufundi. Mahakama ikajibu kama ilivyojibu mara nyingi: lengo kuu halikuja kufuta masharti ya muda, kwa sababu muda unagusa mamlaka yenyewe ya Mahakama kusikiliza. Rufani ikaondolewa.

Neno "kuondolewa" lilimwokoa Mwalimu. Rufani iliyotupwa imekwisha. Iliyoondolewa haijaamuliwa, na mwenyewe anaweza kurudi akitimiza masharti, ila notisi yake ya awali inaondoka pamoja nayo, hivyo anarudi kutokea mwanzo kabisa.

## Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mapitio, yaani Mahakama ya Rufani yenyewe iutazame tena uamuzi wake wa kuondoa rufani. Mwanafamilia mmoja aliishikilia sana hiyo, akisema Mahakama imekosea. Tuliikataa. Kanuni ya 66 inaruhusu mapitio kwa sababu tano tu, kama vile kosa la dhahiri kwenye uso wa kumbukumbu lililoleta kukosekana kwa haki, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Kutoridhika si mojawapo. Mapitio yangekula miaka miwili mingine na yangetupwa.

Njia ya pili ilikuwa kuomba kuongezewa muda ili tuwasilishe notisi mpya. Mahakama Kuu ina mamlaka hayo chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, tukaenda huko. Tuliwasilisha maombi siku 19 baada ya rufani kuondolewa, na hapa ndipo tulipoweka nguvu zote.

Vigezo vinajulikana tangu uamuzi wa mwaka 2011 katika shauri la Lyamuya Construction: mwombaji aeleze siku zote alizochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito kama uharamu wa uamuzi unaopingwa, aitaje. "Siku zote" maana yake ni siku zote. Nilikaa na kalenda ya ukutani na penseli. Siku mbili kupata nakala ya uamuzi. Siku nne Mwalimu kusafiri kwenda na kurudi, tiketi za basi zikaambatanishwa. Siku mbili za mwisho wa juma. Siku saba za kuusoma mfuko na kuandaa kiapo. Siku moja Mwalimu kuja kuapa. Siku tatu za mwisho za kupandisha nyaraka kwenye mfumo, kulipia na kuwasilisha. Kila siku iliwekwa mahali pake kwenye kiapo.

Na ile miaka mitatu ya nyuma je? Tuliitofautisha. Tangu shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija, lililoripotiwa mwaka 1997, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kuna kuchelewa kwa kweli na kuna kuchelewa kwa kiufundi. Aliyewasilisha rufani mapema, ikaondolewa kwa dosari, alikuwa mahakamani muda wote ule, hakulala nyumbani. Jaji alikubali. Mwaka 2020 tukapata muda.

Mara hii barua ya kuomba nakala niliipeleka mwenyewe. Ndugu mkubwa aliipokea akiwa amesimama mlangoni kwake, akasaini kwa kalamu yangu, akaandika tarehe na saa. Sikuondoka mpaka nimeona wino umekauka. Naona haya kuandika jambo dogo hivi katika uchambuzi wa kisheria, lakini saini kama hiyo ndiyo iliyokosekana mara ya kwanza.

Rufani ya pili ilisajiliwa mwaka 2021, nakala tano zimefungwa, na cheti cha ucheleweshaji tulikihakiki tarehe moja baada ya nyingine kabla ya kukiingiza, maana cheti chenye tarehe iliyokosewa ni kama hakipo. Sababu zetu za rufani zilikuwa tatu, zote zikihusu jinsi Mahakama Kuu ilivyoupima ushahidi wa mpaka. Tuliziandaa vizuri. Hakuna hata moja iliyosikilizwa.

## Siku ya kusikilizwa

Ilikuwa mwaka 2023, katika kikao cha Mahakama nje ya makao makuu. Mahakama ya Rufani huzunguka, na majaji husafiri kwenda kanda mbalimbali kusikiliza mashauri ya huko, jambo linalomwokolea mtu kama Mwalimu nauli kubwa. Ndugu wale wawili walikuja bila wakili. Majaji watatu waliingia, tukasimama, tukakaa. Nilikuwa nimeshika hoja zetu za maandishi.

Jaji aliyeongoza jopo hakuniuliza kuhusu mikonge. Alisema, "Wakili, tufungulie ukurasa wa 84."

Nikaufungua. Ulikuwa mwenendo wa Baraza, siku ya mwisho ya ushahidi. Shahidi wa mwisho wa upande wa pili amemaliza, pande zote zimefunga ushahidi wao, na chini mwenyekiti ameandika: "Amri: Hukumu itasomwa tarehe..." Ukurasa wa 85 unaanza na hukumu.

"Wazee wa baraza wametoa maoni yao wapi?"

Nilikuwa nimeusoma mwenendo ule si chini ya mara tano. Niliusoma nikitafuta mpaka wa shamba. Sikuusoma nikitafuta Baraza. Nilijibu kwamba hukumu ya mwenyekiti inasema "nimezingatia maoni ya wazee", na kwamba mwisho wa kitabu kuna maoni mawili yaliyoandikwa kwa mkono. Jaji mwingine akauliza kama kuna popote panapoonyesha maoni hayo yalisomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zote za shauri, kabla ya hukumu. Hakuna.

Jopo likatupa nafasi ya kuzungumzia hoja hiyo, kwa kuwa lilikuwa limeiibua lenyewe na haliwezi kuiamua bila kutusikia. Niliomba kifungu cha 45 cha sheria ya migogoro ya ardhi kitumike, kinachosema uamuzi usibadilishwe kwa sababu ya kasoro isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki ikosekane. Ndugu mkubwa alipoulizwa akasimama na kusema kwa adabu, "Waheshimiwa, wazee walikuwepo. Tuliwaona wamekaa pale siku zote." Ukumbi ukawa kimya. Alisema kweli, nami nilijua anasema kweli. Lakini aliyoyaona kwa macho yake hayakuwa kwenye karatasi.

## Matokeo

Uamuzi ulitoka kabla kikao hakijamalizika. Mahakama ilitumia mamlaka yake ya marejeo, yaani ya kurekebisha kasoro za chini, chini ya kifungu cha 4(2) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, ikabatilisha mwenendo wa Baraza, ikafuta hukumu ya Baraza pamoja na ya Mahakama Kuu iliyojengwa juu yake, ikaamuru shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Kila upande ulibeba gharama zake, kwa kuwa hoja haikuibuliwa na yeyote kati yetu.

Miaka 11 tangu shauri lifunguliwe, hakuna aliyeshinda. Mashahidi wawili kati ya wanne waliosaini hati ya mauziano walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Jambo la kwanza tulilofanya wiki ile ni kuandika barua Barazani kuomba hati halisi ya mauziano irudishwe, ili isipotee humo kama kielelezo cha shauri lisilokuwepo tena.

## Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi, kwa sababu ni fupi. Maombi ya kuongezewa muda yalifaulu kwa sababu hatukuacha siku hata moja bila maelezo na hatukujaribu kuitetea barua isiyopelekwa. Tulisema wazi kwamba kosa lilitokea na tukaeleza tumefanya nini tangu lilipojulikana. Kukataa njia ya mapitio nako kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa familia haikutuelewa mpaka baadaye.

Wakili wa kwanza simlaumu kwa ukali ambao baadhi ya ndugu walitaka nimlaumu. Alifanya mambo tisa vizuri na moja akalisahau. Ila hilo moja liligharimu miaka mitatu na nusu, na lingechukua nusu saa na nauli ya bodaboda.

Kosa zito zaidi ni letu sote, na hapa ndipo nataka msomaji anayejifunza kazi hii akae kidogo. Ukurasa wa 84 ulikuwepo tangu mwaka 2014. Wakili wa ndugu wale aliusoma alipokata rufani Mahakama Kuu. Jaji wa Mahakama Kuu aliupitia. Wakili wa kwanza wa Mwalimu aliuweka kwenye kitabu cha rufani ya kwanza. Mimi nikauweka kwenye kitabu cha pili. Kufikia mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshabatilisha mienendo ya mabaraza kwa kasoro hiyo hiyo, na maamuzi yake yanaifunga kila mahakama iliyo chini. Kwa hiyo mwaka 2019, tulipoupokea mfuko ule, jibu lilikuwa linajulikana. Tungeweza kumwambia Mwalimu mapema kwamba ushindi wake wa Barazani hauna miguu, na pengine pande zote mbili zingekubali kurudi chini miaka minne kabla.

Kwa nini hatukuuona? Kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshinda Barazani. Mtu aliyeshinda hausomi mwenendo kwa jicho la kutafuta kasoro, na wakili wake naye hausomi hivyo. Aliyeshindwa ndiye huchambua, naye hutafuta kasoro zinazomsaidia yeye, siyo zinazobomoa nyumba nzima. Mahakama ya Rufani haina upande, basi ikasoma kile ambacho sisi wote tulikuwa na sababu ya kutokisoma. Nimebadilika katika hili: mteja akishinda Barazani siku hizi, kazi yangu ya kwanza ni kuomba mwenendo na kutafuta mahali wazee walipoitwa, siku maoni yaliposomwa, na wadaawa waliokuwepo. Pakiwa na pengo, namwambia mteja siku hiyo hiyo, hata kama anataka kwenda kusherehekea.

Je, Mahakama ilikuwa kali mno? Niliudhika sana siku ile, nikatoka ukumbini nikiamini kifungu cha 45 kiliandikwa kwa ajili ya shauri kama hili hili. Haki gani ilikosekana, kama wazee walikuwepo na maoni yao yameandikwa?

Niliacha kuamini hivyo nilipoyasoma yale maoni mawili mwisho wa kitabu, niliyoyataja mbele ya majaji bila kuyazingatia. Mzee wa kwanza aliandika mistari minne: shamba lote ni la mdai. Wa pili aliandika nusu ukurasa, kwa mwandiko mkubwa ulioinama. Alisema mashahidi wa pande zote mbili wametaja mikonge, lakini shambani kuna mistari miwili ya mikonge, wa chini na wa juu, na kila upande unasema habari za mstari wake. Akapendekeza Baraza liende shambani likaone kabla ya kuamua.

Mwenyekiti hakwenda. Hukumu yake haikutaja pendekezo hilo wala kueleza kwa nini hakulifuata. Kwa kuwa maoni hayakusomwa, Mwalimu hakujua kwamba yupo mtu Barazani aliyeuona ugumu wa kesi yake; angejua, angeomba Baraza liende. Mahakama Kuu ikaja kumnyang'anya shamba kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mikonge haijulikani iko wapi. Mzee yule alikuwa ameshauri jinsi ya kuijua miaka miwili kabla, na karatasi yake ikalala nyuma ya jalada.

Shauri lilipoanza upya mwaka 2024 tuliomba Baraza jipya litembelee shamba mapema. Mwenyekiti, wazee wawili, wadaawa wote na mashahidi waliobaki walikwenda asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Mstari wa mikonge ya juu ulikuwa na visiki vizee, vingine vimeoza katikati. Ule wa chini ulikuwa wa mimea michanga. Karani aliandika, mwenyekiti akasoma alichoandika karani, na ndugu mkubwa ndiye aliyeonyesha kwa kidole shimo ambamo baba yake alichimbua miche aliyoishusha kuipanda chini, mwaka ambao yeye mwenyewe aliukumbuka kuwa ni baada ya mauzo.